Insha ya Maombi ya Chuo: Mwanafunzi Aandike Shida Zake au Fikra Zake?

Mwanafunzi wa Tanzania aliyemaliza kidato cha sita huingia chuo kikuu cha nyumbani kwa alama zake, na mwenzake wa Kenya hupangiwa nafasi na KUCCPS, chombo cha serikali kinachogawa nafasi za vyuo, kwa matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Hakuna kati yao anayeulizwa yeye ni mtu wa namna gani. Siku anapoamua kuomba nafasi na ufadhili Marekani ndipo anapokutana na ukurasa unaomtaka ajieleze kwa maneno yasiyopungua 250 wala kuzidi 650. Mara nyingi ukurasa huo ni wa Common Application, mfumo wa pamoja wa maombi ulioanzishwa mwaka 1975 na vyuo 15, ambao leo unatumiwa na vyuo zaidi ya 1,000. Akiwauliza waliomtangulia aandike nini, jibu analolipata mara nyingi ni moja: eleza shida ulizopitia, kwa maana wasomaji wa kule huguswa na shida. Ushauri huo naupinga, lakini si wa kupuuzwa, kwa kuwa ndani yake imo hoja inayostahili kusikilizwa kwanza.

Hoja yenyewe ni kwamba alama hazijielezi. Daraja la kwanza lililopatikana katika shule isiyo na maabara, ambako mwanafunzi alijifunza titresheni, jaribio la kemia la kupima kiasi cha asidi au besi, kwa kuchorewa ubaoni, halina uzito sawa na daraja hilohilo lililopatikana katika shule yenye kila kifaa, ingawa kwenye cheti yanaandikwa kwa namna moja. Ofisa wa udahili aliyeketi Massachusetts hana njia ya kuijua tofauti hiyo mpaka aambiwe, na mwanafunzi anayeficha mazingira yake kwa haya au kwa kiburi anaficha pia ukubwa wa alichokifanya. Kwa upande huu insha ni haki ya mwombaji, nafasi ambamo anasema mwenyewe badala ya kusemewa na takwimu. Hata Mahakama ya Juu ya Marekani, ilipozuia vyuo mnamo Juni 2023 kutumia rangi ya mwombaji kuwa kigezo cha udahili, iliuacha mlango huu wazi: Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba chuo kinaweza kuzingatia maelezo ya mwombaji kuhusu namna rangi yake ilivyoyagusa maisha yake. Hata hivyo aliongeza sharti ambalo washauri wengi hulipita bila kulitazama, nalo ni kwamba maelezo hayo yafungamane na ujasiri, dhamira au uwezo wa mwombaji huyo mmoja. Kuonewa peke yake hakukutajwa kuwa sifa.

Wanaoishuku insha nao wana ushahidi. Desturi ya vyuo vikubwa vya Marekani ya kupima tabia ya mwombaji ilishika mizizi katika miaka ya 1920, pale Harvard, Yale na Princeton zilipotafuta njia ya kupunguza idadi ya wanafunzi wa Kiyahudi waliokuwa wakifaulu vizuri mitihani ya kuingilia. Kipimo kilichozaliwa kwa nia ya kuwafungia watu mlango kinahitaji kuangaliwa kwa makini hata kinapotangazwa kuwa ufunguo. Kisha kuna suala la fedha. Watafiti waliochambua maombi yapatayo 60,000 yaliyopelekwa Chuo Kikuu cha California walionyesha, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, kwamba yaliyomo katika insha yalihusiana na kipato cha familia kwa nguvu zaidi kuliko alama za SAT, mtihani wa kupima waombaji wa vyuo vya Marekani. Kwa maneno mengine, insha iliyodhaniwa kumkinga maskini dhidi ya mtihani inabeba alama ya utajiri kuliko mtihani wenyewe. Ni kweli kwamba uhusiano huo hauthibitishi kwamba wasomaji waliwapendelea matajiri, kwa sababu msomaji makini anaweza kuitambua hali ya mwombaji na kumpima kwa hali hiyo. Lakini unatosha kutuonya tusidhani kwamba ukurasa mtupu ni uwanja tambarare.

Kinachonisumbua zaidi hakimo katika takwimu. Kijana wa miaka 18 anapofundishwa kwamba kifo cha baba yake ndicho kitu cha thamani kubwa alichonacho, anafundishwa kujitazama kwa jicho la mtu anayetarajiwa kumhurumia. Ataandika juu ya kibatari, juu ya kilomita alizotembea kwenda shule, juu ya kufukuzwa kwa sababu ya ada, na yote yatakuwa kweli. Tatizo ni kwamba yatakuwa kweli pia kwa waombaji wengine wengi wa wilaya yake na wilaya za jirani. Msomaji mwenye dakika chache kwa kila faili, akiisha kusoma insha hizo, atakuwa amekifahamu kijiji bila kumfahamu mwanafunzi hata mmoja. Huruma ataipata, ila sababu ya kumchagua huyu na kumwacha yule hataipata.

Nichukue mfano wa kubuni, kwa sababu jambo hili halieleweki bila mfano. Binti wa Mwanza ana mama anayeuza dagaa katika soko la Mwaloni Kirumba. Insha ya kwanza anayoiandika inasema kwamba mama yake ni mjane, kwamba maisha ni magumu, na kwamba elimu ndiyo itakayoikomboa familia. Hakuna uongo ndani yake. Lakini binti huyohuyo ndiye anayeandika daftari la madeni la mama yake tangu alipokuwa darasa la sita, na humo amegundua kitu: wateja hukopa sana kwa majuma fulani kisha hulipa kwa pamoja. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi inapokuwa kali mavuno hupungua, bei hupanda, na mama ntilie wanaonunua kwake huanza kukopa. Binti akaanza kuandika umbo la mwezi pembeni mwa kila deni, akamshauri mama aweke akiba siku za giza ili asilazimike kukopa siku za mwanga. Mwezi mmoja hesabu yake ilikosea, kwa sababu upepo uliwazuia wavuvi kuingia ziwani wakati wa giza, naye akakaa akijiuliza ni kitu gani kingine hakukiandika.

Insha ya pili ikiandikwa juu ya daftari hilo, umaskini haujafichwa. Umo katika kila ukurasa uliorowa mafuta ya dagaa. Tofauti ni kwamba sasa tunamwona mtu akifikiri, akikosea na kurudi kwenye swali lake. Chuo kinachotafuta mwanafunzi kinaweza kumwona tayari akiwa darasani.

Kwa nini basi wanafunzi wetu wengi huandika insha ya kwanza? Sikubaliani na wanaosema hawana la kusema. Sababu mojawapo ni mafunzo ya insha tuliyoyapata. Tulifundishwa kufungua kwa methali, kupamba kwa tashbihi na kufunga kwa funzo; katika KCSE mtahiniwa huweza kutakiwa atunge kisa cha kuthibitisha maana ya methali fulani, na akifanya vizuri hupata alama zake kwa haki. Ni sanaa nzuri na sitaki ifutwe. Ila ndani yake kisa huitumikia hekima iliyokwisha kujulikana, na mwandishi hujitoa njiani ili methali ipite, ilhali insha ya maombi humtaka mwandishi abaki njiani na aonyeshe hekima yake ilitoka wapi. Halafu kuna adabu zetu. Aliyelelewa kuamini kwamba kujisifu ni utovu wa heshima huona nafuu kusimulia yaliyompata kuliko kusimulia aliyoyatenda, kwa kuwa shida haina majivuno. Mwalimu anayewasaidia wanafunzi hawa afahamu hilo kabla ya kuwaambia wajieleze, maana maelezo sahihi ya kazi iliyofanyika hayavunji adabu ya mtu yeyote.

Anayehofia kwamba hali ngumu itasahaulika atulie. Fomu ina sehemu ya hiari ya kueleza mazingira yaliyomwathiri mwombaji, na barua ya shule inaweza kusema wazi kwamba maabara haipo. Mambo hayo yakishawekwa huko kwa sentensi chache zisizo na mapambo, insha inabaki huru kufanya kazi yake.

Linabaki suala la msaada, ambalo sasa limekuwa zito. Chuo Kikuu cha Duke kiliacha mwaka 2024 kuzipa insha alama za namba, kikizingatia matumizi ya akili unde (AI) na ya washauri wanaolipwa, na Common Application huhesabu kuwa udanganyifu kuwasilisha kazi ya akili unde kana kwamba ni ya mwombaji. Kwa mwanafunzi anayeandika Kiingereza kikiwa lugha yake ya tatu, kishawishi ni kikubwa na ninakielewa. Lakini muda anao. Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, na vyuo vingi hufunga maombi ya kawaida mapema Januari, kwa hiyo ipo miezi ya kuandika rasimu, kuiweka kando na kuirudia akiwa na mwalimu mmoja anayemwamini. Mwalimu huyo asahihishe nyakati za vitenzi na tahajia. Akikuta binti ameandika kwamba siku za giza ndizo siku za nuru nyumbani kwao, asidhani ni kosa la lugha, amuulize kwanza.