Hirota Koki na kosa la kutozuia

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Desemba 1948, katika gereza la Sugamo jijini Tokyo, watu saba walinyongwa kwa hukumu ya Mahakama ya Kijeshi ya Kimataifa ya Mashariki ya Mbali. Sita kati yao walikuwa majenerali, akiwamo Tojo Hideki, aliyekuwa waziri mkuu Japani iliposhambulia Pearl Harbor. Wa saba hakuwa mwanajeshi. Hirota Koki, mtoto wa mchonga mawe wa Fukuoka, alikuwa mwanadiplomasia aliyefika hadi uwaziri mkuu mwaka 1936, kisha akawa waziri wa mambo ya nje kuanzia Juni 1937 hadi Mei 1938, yaani katika miezi ileile ambayo jeshi la Japani liliuteka mji wa Nanjing nchini China na kuwaua raia na mateka wake.

Watu wanapoizungumzia mahakama ile, mara nyingi hugombania jambo moja tu: ilikuwa haki, au kisasi cha mshindi? Ni kweli kwamba majaji wote 11 walitoka katika nchi zilizopigana na Japani au zilizotawaliwa na walioshinda, na kwamba kosa la kuanzisha vita ya uchokozi halikuwa limeandikwa waziwazi kuwa jinai inayomwangukia mtu binafsi wakati vita hivyo vinaanza. Jaji Radhabinod Pal wa India aliona hivyo, akataka washtakiwa wote waachiwe huru, ingawa hakukana kwamba ukatili ulitendeka. Hoja hiyo ina nguvu dhidi ya waliounda mahakama, lakini haimsafishi mshtakiwa, kwa maana mwizi hawi mwema kwa sababu tu aliyemkamata naye ni mwizi. Tena tukumbuke kwamba hakuna hata mmoja kati ya wale saba aliyenyongwa kwa uchokozi peke yake. Kila mmoja alikutwa na hatia ya ukatili wa kivita. Kwa Hirota, kamba ilikuwa katika shitaka la 55, lililohusu kupuuza wajibu wa kuhakikisha kwamba sheria za vita zinafuatwa.

Upande wa mashtaka ulikuwa na jambo la kushika. Nanjing ilianguka tarehe 13 Desemba 1937, na mahakama ilikadiria kuwa zaidi ya watu 200,000 waliuawa humo katika wiki sita za mwanzo. Taarifa za mauaji, ubakaji na uporaji zilimfikia Hirota tangu siku za awali. Alizipeleka kwenye Wizara ya Jeshi, akaahidiwa kwamba mambo yatakomeshwa, lakini taarifa ziliendelea kuja kwa muda usiopungua mwezi mmoja, naye akaendelea kutegemea ahadi zilezile. Mahakama ilisema kwamba alipaswa kulisimamisha suala hilo mbele ya baraza la mawaziri na kudai hatua za haraka, na kwamba kukaa kwake bila kutenda kulifikia uzembe wa kijinai. Ni vigumu kuipuuza hoja hii. Anayejua kwamba watu wanachinjwa kila siku, kisha akaridhika na jibu ambalo jana limethibitika kuwa uongo, hawezi kusema kwamba hakupewa nafasi ya kuchagua.

Utetezi nao haukuwa mwepesi. Chini ya katiba ya mwaka 1889, jeshi lilikuwa chini ya amri ya mfalme mkuu moja kwa moja, na wakuu wake walipeleka mambo ya vita kwake bila kupitia kwa mawaziri. Waziri wa mambo ya nje hakuwa na ofisa hata mmoja aliyeweza kumwamuru huko Nanjing, wala kumwadhibu. Jaji Röling wa Uholanzi, aliyepinga hukumu ya Hirota, alishikilia kwamba mtu asiadhibiwe kwa kutotenda isipokuwa alijua, alikuwa na wajibu, na alikuwa na uwezo wa kuzuia. Na kwamba mahakama ijihadhari sana kabla ya kumbebesha kiongozi wa kiraia matendo ya jeshi lililoko vitani.

Hapa ndipo mizani inapotikisika, kwa sababu udhaifu huo wa mawaziri haukushuka kutoka mbinguni. Mnamo Mei 1936, serikali ya Hirota mwenyewe ilirudisha kanuni kwamba mawaziri wa jeshi na wa majini lazima wawe maofisa walio kazini, na kwa kanuni hiyo jeshi likapata uwezo wa kuiangusha serikali yoyote kwa kukataa tu kutoa waziri. Mlango alioukuta umefungwa mwaka 1937, yeye alikuwa amesaidia kuutia komeo. Hata hivyo, ilikuwa miezi michache tu tangu uasi wa tarehe 26 Februari, ambapo maofisa vijana waliwaua viongozi wa juu katika nyumba zao, na mwanasiasa wa Tokyo aliyesema “hapana” kwa jeshi alijua fika kinachoweza kumpata.

Linalonisumbua mimi zaidi ni wale ambao hawakuwamo kizimbani. Mwanamfalme Asaka Yasuhiko alikuwa kamanda katika shambulio la Nanjing. Kwa kuwa alikuwa wa ukoo wa kifalme, hakushtakiwa, na alifariki mwaka 1981. Mfalme mkuu Hirohito, ambaye kwa jina lake amri zote zilitolewa, aliachwa kwa uamuzi wa Wamarekani waliomhitaji katika kuitawala nchi, jambo ambalo Jaji Bernard wa Ufaransa alililalamikia kwa maandishi. Daktari Ishii Shiro, aliyewafanyia binadamu majaribio ya vijidudu huko Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, alipewa kinga ili Wamarekani wapate matokeo ya majaribio yake. Baadhi ya waliokuwa na uwezo wa kuzuia waliachwa, akanyongwa aliyeweza kupiga kelele tu.

Swali la kama raia awajibishwe kwa kutozuia makosa ya wengine lilifika hata Arusha. Mwaka 1998, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilipomhukumu Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, majaji waliitaja kesi ya Hirota pamoja na pingamizi la Röling, wakasema kwamba kumwajibisha raia kwa makosa ya walio chini yake ni jambo lenye mabishano, na kwamba kila kesi ipimwe kwa mamlaka aliyokuwa nayo mtu huyo kwa hakika. Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai na kupitishwa mwaka huohuo, umeweka kipimo kinachofanana na hicho: kiongozi wa kiraia awe alijua, au alipuuza kwa makusudi taarifa zilizo wazi, na waliotenda wawe chini ya udhibiti wake. Kwa kipimo hicho, naona Hirota angenaswa kwenye kujua na angeponea kwenye udhibiti.

Hata mahakama ya Tokyo haikuwa na msimamo mmoja. Shigemitsu Mamoru, waziri wa mambo ya nje kuanzia 1943 hadi 1945, alitiwa hatiani kwa shitaka lilelile la 55, kwa kuwa alipokea malalamiko kuhusu mateka wa kivita waliokuwa wakiteswa na hakufanya la kutosha. Majaji walimpunguzia adhabu, wakieleza miongoni mwa mengine kwamba wakati wake jeshi liliishika nchi yote, na kulipinga kungehitaji ujasiri mkubwa. Alipewa miaka saba, akaachiwa mwaka 1950, akarudi kuwa waziri wa mambo ya nje, na Desemba 1956 ndiye aliyesimama Umoja wa Mataifa siku Japani ilipopokewa kuwa mwanachama.