Ukienda Nairobi wikendi, anzia relini

Wiki iliyopita mpwa wangu aliandika kwenye kundi la WhatsApp la familia: "Niko Nairobi Ijumaa mpaka Jumapili, nifanye nini?" Majibu yalimiminika kabla chai yangu haijapoa. Majumba ya maduka, moja baada ya jingine, na mahali pa kula kuku. Kuku yule yule wa Nyali. Hakuna hata mtu mmoja aliyemtajia kitu ambacho hawezi kukipata akivuka tu daraja la Nyali na kurudi. Nilianza kumjibu, nikafuta, nikaandika tena, jibu likawa refu. Nimelileta hapa, kwa sababu jambo hili limenikaa rohoni muda mrefu.

Sisi watu wa Mombasa twaenda Nairobi kwa shida. Pasipoti, hospitali, kesi, mahojiano ya kazi, mzigo wa Eastleigh. Shida ikiisha, twatafuta basi la usiku. Tukibahatika kubaki na siku mbili za mapumziko, twajifungia ndani ya jumba la vioo tukapande ngazi za umeme. Na mgeni wa bara akija kwetu je? Hatumpeleki supamaketi. Twampeleka Fort Jesus aone kuta ambazo Wareno walianza kuzijenga 1593, twapita naye vichochoro vya Mji wa Kale, twamsimamisha mbele ya mlango aitazame nakshi, jioni twamkalisha ufuoni Mama Ngina ale mihogo na pilipili huku meli zikiingia. Twataka ajue amefika wapi. Basi nasi tukifika kwake, kwa nini hatutaki kujua?

Mimi mwenyewe nilifunguka macho kwa bahati mbaya. Tulikwenda na mamangu kufuatilia karatasi za marehemu baba, aliyekuwa fundi wa reli. Ijumaa ofisi moja ikatwambia turudi Jumatatu. Mama ana miaka sabini na kitu, miguu yamuuma, kurudi Mombasa na kupanda tena haikuwezekana. Tukabaki. Jumamosi binamu yangu, kwa moyo safi kabisa, akatupeleka kwenye jumba la maduka. Mama aliketi kwenye kiti cha chuma karibu na chemchemi ya maji, mkoba mapajani, mtandio umekazwa kwa baridi. Watu wakipanda, watu wakishuka. Baada ya kama dakika ishirini akanigeukia: "Sasa hapa twangoja nini, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Nilijisikia vibaya hata nikashindwa kula.

Jumapili nikampeleka Jumba la Makumbusho ya Reli, pale karibu na stesheni ya zamani, upande wa barabara ya Haile Selassie. Nilidhani tutakaa nusu saa. Tulikaa mpaka mchana.

Nje kuna vichwa vya treni vya mvuke, vikubwa kama nyumba, vimesimama kwenye nyasi. Kuna mabehewa ya kila namna. Lipo lile la Charles Ryall, afisa wa polisi aliyekwenda stesheni ya Kima mwaka 1900 kumwinda simba, akapitiwa na usingizi, simba akaingia behewani akamtoa kwa dirisha. Hadithi hiyo kila mtoto wa Pwani ameisikia nusunusu, ikichanganywa na wale simba wa Tsavo wa 1898. Pale unaligusa behewa lenyewe kwa mkono.

Lakini mama hakujali simba. Alipanda behewa jingine taratibu, akishika chuma cha mlangoni kilicholainishwa na mikono ya watu, akaenda moja kwa moja kwenye benchi la mbao, akaketi upande wa dirisha. Akaweka mkono wa kushoto hivi, kama aliyepakata. "Kakako alikuwa hapa," akasema. "Kikapu hapa chini, mkate wa mofa na samaki wa kukaanga. Tuliondoka Mombasa magharibi, Voi usiku wa manane, hakuacha kulia mpaka kumekucha." Alikuwa akimpeleka kaka yangu mkubwa kwa daktari. Hata yeye, wakati huo, alikwenda Nairobi kwa shida. Akanisimulia juu ya yule mhudumu aliyepita mabehewa ya mbele akigonga kidude kama marimba, kuwaita abiria wa daraja la kwanza na la pili wakale. Wao wa daraja la tatu walikuwa wakiisikia sauti kwa mbali. Tulipoingia ndani tukakuta vyombo vya mezani vya treni nyuma ya kioo. Mama akasogeza uso karibu, akavitazama kimoja kimoja. "Basi ndivyo hivi walivyokuwa wakiitiwa."

Hayo mimi sikuyajua. Nimeishi naye miaka yote hii, sikuyajua.

Na humo humo ukutani umeandikwa ukoo wa mji ule na wetu. Reli ilianza kujengwa Mombasa 1896. Mwaka 1899 ikafika kwenye kinamasi ambacho Wamaasai walikiita kwa maji yake ya baridi, wakapiga kambi, wakaweka karakana, na kambi hiyo ndiyo Nairobi. Kisumu wakafika 1901. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka India, wakapitia bandarini kwetu, na karibu 2,500 kati yao walikufa kwenye kazi hiyo. Makao makuu ya serikali yenyewe yalikuwa hapa kisiwani hadi 1905, ndipo yakahamishiwa huko juu. Kila nondo, kila mtaimbo, kila gunia la mchele lililowalisha watu wale lilishukia Mombasa. Halafu mjukuu wa fundi wa reli anakwenda mji huo siku mbili, na familia nzima haina la kumwambia ila wapi pana kuku!

Kwa hiyo mpwa wangu, na wewe unayesoma, panda treni ya Nairobi pale Miritini. Ukishuka Syokimau usikimbilie teksi, ipo treni ndogo inayokuleta mpaka stesheni ya mjini, na makumbusho yako hapo jirani. Ukitoka, tembea kwa miguu. Kwenye kona ya Haile Selassie na Moi Avenue pana bustani ya kumbukumbu ya waliouawa na bomu la Agosti 7, 1998. Ingia, soma majina, nyamaza kidogo. Ukiifuata Moi Avenue utafika kwa sanamu ya waziri Tom Mboya, karibu na alipopigwa risasi Julai 1969, na hapo karibu yapo Makavazi ya Taifa yenye mkusanyiko wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya. Hayo uyaweke Jumamosi asubuhi. Adhuhuri ikikukuta, swali msikiti wa Jamia. Jirani yake ni maktaba ya McMillan ya mwaka 1931, yenye simba wa mawe mlangoni.

Mwenye watoto awapeleke Makumbusho ya Taifa wakamwone mvulana wa Turkana, mifupa ya miaka kama milioni moja na nusu. Mwenye gari awahi Mbuga ya Nairobi alfajiri. Nyama choma ni soko la Burma.

Najua mtakayosema. Baridi. Kweli, mama alivaa fulana mbili chini ya buibui. Nauli ya matatu inapanda mvua ikidondoka, hiyo nayo kweli, na katikati ya mji simu yako uishike vizuri. Na sawa, watoto watalilia ngazi za umeme. Wapeleke saa moja, wapande, washuke, mtoke. Siwezi kubishana na mtoto. Nabishana na sisi watu wazima, tunaojua kumheshimu mgeni kwa kumwonyesha asili yetu, halafu tukisafiri sisi twasahau kuulizia asili ya tulikofika, hata pale ambapo asili hiyo ni jasho la baba zetu.

Jumatatu tulirudi kwenye ile ofisi. Karatasi moja haikuwa na muhuri, tukaambiwa tuje tena baada ya wiki mbili. Mimi nilikasirika, nikataka kumwona mkubwa wao. Mama alinivuta mkono, tukatoka nje kwenye jua. Akaniuliza yule tembo Ahmed wa Marsabit, ambaye sanamu yake iko Makumbusho ya Taifa, na yule mvulana wa Turkana, je, wako mahali pamoja? Nikamwambia ndiyo.

"Basi safari hiyo tuje Ijumaa," akasema.