Boti kuukuu iandaliwe uani, si ukingoni mwa ziwa

Kila mwaka, Jumamosi ya kufungua msimu wa kuvua samaki aitwaye walleye hapa Minnesota, Marekani, katikati ya Mei, naona jambo lile lile. Foleni ya matrela kwenye mteremko wa kushushia boti, na mbele kabisa mtu amefungua kifuniko cha mashine, mikono imejaa oili, anapiga stata, mashine inakohoa na kunyamaza. Boti ilifunikwa turubai Oktoba, ikafunuliwa jana usiku. Watoto wamekaa garini wakisubiri. Naumia kuwatazama, kwa sababu hatari yenyewe bado haijaanza. Itaanza mashine ikikubali kuwaka.

Nimekulia Tanga. Huko mashine ikizima nje ya bandari unapunga shati, ngalawa inapita, mnavutwa hadi pwani, na hata ukitumbukia maji ni ya uvuguvugu. Ziwa letu la huku, Mille Lacs, si hivyo. Lina zaidi ya kilomita za mraba 500, na kina chake hakifiki mita 13, kwa hiyo upepo ukilishika linachafuka upesi. Mwezi Mei maji yake bado ni ya kukata pumzi; mtu akianguka humo, baada ya dakika chache vidole havishiki kamba. Kwa hiyo boti kuukuu nataka imalize maradhi yake yote nyumbani, uani kwangu, wiki tatu kabla ya kuona maji.

Naanza na oili ya gia, ile iliyo chini karibu na rafadha, yaani propela. Unafungua skrubu ya chini, kisha ya juu, unakinga kopo jeupe. Oili nzima hutoka nzito na rangi yake. Ikitoka kama chai ya maziwa, maji yameingia na sili inayoyazuia imechoka. Kazi hii hasa ni ya Oktoba, kwani maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na kasha la alumini halitanuki nayo. Mwaka wangu wa pili niliiacha mpaka Aprili. Nilipofungua skrubu yalitoka matone tu. Oili ilikwisha kuvuja kupitia ufa mwembamba kama unywele ubavuni mwa kasha. Nilipitisha ukucha juu yake mara tatu kabla ya kukubali. Kasha jingine, la mtumba, lilinigharimu karibu theluthi ya bei niliyonunulia boti nzima.

Kisha ubao wa tezi, yaani wa nyuma ya boti. Boti yangu ni fiba ya mwaka 1987, na ubao unaobeba mashine ni plaiwudi iliyofungwa katikati ya tabaka mbili za fiba. Tundu moja la skrubu lisipozibwa sawasawa, maji yanapenya, miaka inapita, plaiwudi inaoza, na kwa nje fiba bado inang'aa. Hapa macho hayasaidii, sikio ndilo linalosaidia. Nagonga kwa mpini wa bisibisi, kidole kwa kidole, toka juu hadi chini. Palipo pazima hulia kwa mlio mkavu. Palipooza hulia kama papai lililoiva. Baada ya hapo naishika mashine kwa chini, naisukuma kwa uzito wangu wote, huku nikitazama kama ubao unacheza. Ukicheza, boti haiendi popote mwaka huo. Nawaona watu wakimaliza Jumamosi mbili kuing'arisha boti kwa nta na hawajaugonga ubao hata mara moja. Kung'arisha kungoje.

Petroli nayo. Hapa karibu yote imetiwa ethanoli, aina ya alkoholi, na ethanoli huvuta unyevu. Ikikaa tangini majira yote ya baridi, maji na ethanoli vinaweza kujitenga na kuzama chini, pale pale bomba linaponyonya. Naimimina ya zamani kwenye chupa ya kioo, naiacha itulie. Nikiona mstari katikati, haiingii kwenye mashine. Vipo vituo vinavyouza petroli isiyo na ethanoli, na sheria ya jimbo inairuhusu kwa boti. Ni ghali zaidi. Nanunua hiyo, maana kabureta ya umri huu na mipira yake haikuzoea nyingine. Hozi iliyokauka au inayonata vidoleni natupa bila kujadiliana nayo.

Impela ya pampu ya maji, kile kigurudumu cha mpira chenye mapezi, nabadilisha kila baada ya miaka miwili hata ikionekana nzima, kwa sababu mapezi yaliyolala yamejikunja miezi sita husahau kunyooka. Halafu naunga hozi ya bustani, nawasha, nasimama nyuma kwa dakika kumi nikitazama mchirizi wa maji unaotoka ubavuni mwa mashine. Ukikatika, nazima papo hapo. Plagi mpya, betri isome volti 12.6, beringi za trela zitiwe grisi, mtungi wa kuzimia moto, jaketi okozi kwa kila kichwa, nami nikiwemo.

Imebaki nguruzi, kile kizibo cha tundu la kutolea maji chini ya boti. Sheria ya Minnesota inataka iwe imechomolewa kila unapokokota boti barabarani, ili maji ya ngamani, yale yanayotuama chini ndani ya boti, yasihamishe kome wadogo wenye mistari toka ziwa hadi ziwa; Mille Lacs tayari wamo. Naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote. Lakini maana yake kila boti inafika majini tundu likiwa wazi. Yangu nimeifunga kwa uzi mmoja na ufunguo wa mashine.

Safari ya kwanza hatubebi ndoano. Mwaka huu tulizunguka karibu na ukingo, binti yangu ameketi omo, mimi nimeinama tezi nikipapasa ngama kwa kiganja. Ilikuwa kavu hadi dakika ya ishirini hivi, kisha nikasikia ubaridi kwenye vidole.

"Baba, tunarudi?"

Tulirudi. Ilikuwa skrubu moja chini ya ubao wa tezi, sili yake imepasuka. Walleye tukawafuata wiki iliyofuata.