Eti Kwenye Simu Huielewi

Jumamosi mpwa wangu alinikuta sebuleni naangalia Avatar ya pili, ile ya maji, kwenye simu. Alinihurumia kama mtu aliyemkuta mzee wake anakunywa supu kwa uma. "Anko, hiyo picha kwenye simu huielewi. Hiyo mpaka skrini kubwa, tena na miwani ya 3D."

Huielewi! Siku nne neno hilo halinitoki. Hadithi gani hiyo, ukiipunguza ukubwa inapotea na maana yake?

Mimi Terminator ya pili niliionea kibanda umiza, Tandika. Runinga ya inchi 14 juu ya kreti la soda, mkanda umekopiwa mpaka chenga zinanyesha kama masika, mabenchi yamejaa, na nyuma kuna jamaa anayejifanya anajua Kiingereza anatutafsiria. Kuna mahali adui, yule polisi anayeyeyuka, anafika kwenye mlango wa nondo ndani ya hospitali ya vichaa. Hafungui, anapenya. Uso unapita katikati ya nondo kama uji kwenye chujio. Banda kimya. Halafu, ka! Mwili umepita, bastola imegonga nondo, imekwama. Anaigeuza mkono, anaichomoa, huyo anaendelea na safari. Tulipiga kelele mpaka mwenye banda akatishia kuzima deki.

Picha hiyo ni ya 1991, ina zaidi ya saa mbili, na manjonjo ya kompyuta ndani yake hayafiki hata dakika 10. Lakini ile bastola! Sekunde mbili, na mtoto wa darasa la tano kaelewa bila mkalimani: huyu jamaa anapita popote, ila alichokishika hakipiti. Kwa hiyo yule mama na mwanawe anaowawinda hakuna mlango utakaowaficha. Efekti imefanya kazi ya hadithi, na chenga zote zile hazikuizuia. Na aliyeiongoza ni nani? James Cameron. Huyu huyu wa Avatar! Hapo ndipo ninapokasirika. Angekuwa mtu asiyejua kusimulia ningemsamehe, lakini huyu anajua, tulimwona akijua.

Sasa njoo kwenye maji yake ya 2022. Saa tatu na dakika 12. Katika filamu ya kwanza wanadamu walikwenda Pandora, kwa watu wa bluu, kufuata madini, madini ya kuulia watu na kuangushia mti wa watu. Ya pili, madini hakuna anayeyakumbuka. Sasa wanataka kimiminika cha kwenye ubongo wa nyangumi wa huko, eti kinazuia uzee. Adui mkuu alishakufa, karudi na mwili mpya. Sisi wa kibanda umiza tulifundishwa kwamba steringi hafi, Cameron katuletea adui naye hafi. Watoto wanatekwa, wanaokolewa, wanatekwa tena, mpaka yule kitinda mimba mwenyewe analalamika, ndani ya filamu, kwamba haamini kafungwa tena. Mwanangu, hata mimi.

Haya, maji ni mazuri. Waigizaji walizama kweli kwenye tangi, Kate Winslet akabana pumzi zaidi ya dakika 7, na ile Oscar ya efekti hawakuiiba. Urafiki wa yule kijana na nyangumi aliyefukuzwa na wenzake nao ulinigusa, sitadanganya. Ila Steven Spielberg mwaka 1993, kwenye Jurassic Park, alinitisha kwa vikombe viwili vya maji juu ya dashibodi. Maji yanatikisika, viduara vinatanuka, dinosaria mwenyewe bado hatujamwona. Mtambo uliotumika? Waya wa gitaa uliofungwa chini ya dashibodi, mtu anaupiga. Bahari nzima ya Pandora haijanifanya nishike benchi kama vile vikombe.

Na msiniambie ni mambo ya zamani. Godzilla Minus One, Wajapani, timu ya efekti ya watu 35, bajeti haifiki dola milioni 15, wakaibeba Oscar hiyo hiyo mwaka 2024. Lile jitu linatisha kwa sababu tumeshamjua yule rubani aliyekwepa kufa na aibu inayomla.

Mtanijibu kwa mapato, zaidi ya dola bilioni 2.3. Sawa. Soda nayo inauzika.

Basi nikamwambia mpwa wangu, umeiona mara tatu, nihadithie. Akaanza kwa mikono: "Kuna nyangumi, anko, mkubwa hivi..." Nikamkatisha, yule kijana anayekufa mwishoni anaitwa nani? Akawaza. Akawaza tena.

"Si yule wa bluu."

Ya tatu ilitoka Desemba 2025, nayo inapita saa tatu, na kijana anataka nimlipie tiketi na miwani juu. Nimekubali, kwa sharti moja: tukitoka tunapanda daladala, naye ananihadithia yote, mikono ikiwa mfukoni, kabla konda hajaita Tandika.