Vita vya Kagera: nani alichangia, na kwa hiari ya nani?

Novemba 2, 1978, siku chache baada ya majeshi ya Idi Amin wa Uganda kuiteka ardhi yetu ya Tanzania kaskazini mwa mto Kagera, Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Sehemu kubwa ya uwezo huo ilitoka kwa raia. Wafugaji walitoa ng'ombe, wakulima wakatoa nafaka, wengine fedha. Malori na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi yalielekezwa Kagera. Jeshi likapanuka hadi kupita watu 100,000, wakiwemo mgambo wengi waliotoka vijijini.

Wapo wanaosema huo ulikuwa uzalendo mtupu. Wapo pia wanaouliza: hiari gani, katika nchi ya chama kimoja, mchango unapokusanywa na balozi wa nyumba kumi, yaani kiongozi wa chama wa mtaani? Balozi huyo huyo ndiye aliyekuandikia barua ulipokuwa na shida. Alipopiga hodi, nani angemwambia hana hata debe la mahindi?

Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi kufuta ari ya watu. Nchi ilikuwa imevamiwa kweli, na hasira ilikuwa ya wananchi wenyewe. Shuruti peke yake isingeweza kukusanya mgambo wengi namna ile kwa muda mfupi na kuwafikisha Kampala Aprili 11, 1979.

Ninapoona kasoro ni baada ya ushindi. Tuliombwa kufunga mikanda miezi 18. Miezi ikapita, foleni za sukari, sabuni na unga zikaendelea. Ni kweli kwamba bei ya mafuta ilipanda na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishavunjika tangu 1977, kwa hiyo si haki kuibebesha vita dhiki yote. Lakini aliyetoa lori lake alistahili kuelezwa limefika wapi, na mkulima ambaye mazao yake yalikwama kwa kukosa usafiri alistahili hesabu iliyo wazi.

Wa kwanza kuhesabiwa wangekuwa watu wa Kagera. Nyumba zao zilibomolewa, mifugo ikaswagwa kupelekwa Uganda, hata kiwanda cha sukari kikaporwa. Katika mizani ya michango wao hutajwa kama wahanga tu, ilhali hakuna mkoa uliolipa zaidi yao.