Fungua buti! Kwa nini?
Barabara ya Malindi kwenda Lamu, afande akisema tu "fungua buti", dereva ameshafungua. Jamani, ulizeni sababu! Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda mali yako isipekuliwe ovyo. Polisi anaweza kupekua gari bila hati ya mahakama, ila awe na sababu ya kushuku, mathalani mali ya wizi. Ukimwambia "haya, angalia tu", umeridhia mwenyewe, na kulalamika baadaye ni kazi ngumu. Sema kwa adabu: "Afande, siridhii, lakini sikuzuii." Usimshike mkono. Shuka, simama karibu na buti, tazama kila gunia la maembe linavyofunguliwa na kufungwa. Wengi hubaki kwenye usukani wakitafuta leseni, mizigo ikifunuliwa nyuma bila shahidi.