Blaindi ndogo: ni kweli hakuna kufuata?

Kwenye poka ya pesa mtandaoni, ile isiyo na ukomo wa dau, kuna kanuni iliyoshika sana: ukiwa blaindi ndogo, yaani mchezaji anayelazimika kuweka nusu ya dau la lazima kabla ya karata kugawiwa, na mtu ameshapandisha, ama upandishe juu yake, ama utupe karata. Kufuata dau lake, yaani kuweka kiasi sawa na chake, wanasema, ni kuchoma pesa.

Wana hoja. Chukua meza ambayo blaindi ndogo huweka dola 0.50, na blaindi kubwa, anayeketi baada yake, huweka dola 1. Mwenye batani, yaani nafasi ya mgawaji, anapandisha hadi 2.50, nawe umeshika sita mbili, ya kopa na ya uru. Nusu dola yako imeshakwenda. Unaongeza 2 kuwania 4, kwa hiyo unahitaji kushinda mara moja katika tatu. Blaindi kubwa akitupa, mezani panakuwa na dola 6. Tovuti ikikata asilimia 5 zinabaki 5.70, na hitaji lako limepanda hadi asilimia 35. Flopu, karata tatu za kwanza za pamoja mezani, inashuka: 9, 10, malkia. Sita ya tatu huja hapo mara moja hivi katika nane, na raundi zote zilizobaki wewe ndiye unayetangulia kuamua. Unapita bila kuweka dau, jamaa anaweka dau, unatupa. Na hapo blaindi kubwa amekuwa mpole. Angewapandishia nyote wawili, dola zako 2 zingeweza kwenda kabla hujaona hata flopu. Ukipandisha hadi 11 wote wakatupa, unazoa zile 4 kamili, maana tovuti nyingi hazikati kitu mkono, yaani mchezo mmoja wa karata, ukiisha kabla ya flopu.

Ila hoja hiyo inasimama kwa makato na kwa blaindi kubwa mkorofi. Kwenye meza za dau kubwa makato huwa na kikomo, yakawa kitu kidogo mbele ya fungu lenyewe. Batani akipandisha hadi 2 tu, unaongeza 1.50 kuwania 3.50: asilimia 30 inatosha kabla ya makato. Na nyuma yako akikaa mtu wa burudani asiyetupa karata, kumpandishia ni kumfukuza mteja. Hapo mimi nafuata, tena bila aibu. Kwenye meza ndogo zilizojaa wazoefu, hapana, kanuni ibaki.

Wote wakitupa hadi kwako, mambo ni mengine. Pluribus, programu iliyowashinda mabingwa kwenye meza ya watu sita mwaka 2019, iliacha kuingia kwa kulipia blaindi tu katika kila nafasi isipokuwa hii.

Hasara hapa ni ya kila mtu, hata mabingwa. Anayetupa kila mkono akiwa blaindi ndogo hupoteza kiasi cha blaindi kubwa 50 kwa mikono 100 ya hapo. Basi fungua programu yako ya takwimu, chuja mikono uliyofuata dau ukiwa blaindi ndogo peke yake. Ikiwa imekutia hasara kuliko hiyo 50, na mikono si michache, ungetupa tu.